Kipanga wa PCM na Hesabu ya Miaka Minne

Matokeo ya kidato cha sita yakishatangazwa mwezi Julai, kijana aliyepata daraja la kwanza katika PCM hugeuka mali ya ukoo mzima. Baba mdogo anapiga simu kutoka Dodoma: aende Mlimani, wapi tena? Shangazi amesikia kuna chuo binafsi chenye majengo mazuri. Mwalimu wa fizikia anataja Mbeya. Jirani ana mtoto aliyekwenda China, naye ana maneno yake. Kijana mwenyewe, aliyekesha miaka miwili na fizikia, kemia na hisabati, amekaa sebuleni na simu mkononi, haelewi amfuate nani.

Wote hao wanataja majina ya vyuo. Ni wachache wanaouliza mambo mawili ambayo yangetakiwa kutangulia. Je, familia itaweza kumbeba mpaka amalize mwaka wa nne? Na akishafika huko, atashika nini kwa mikono yake?

Swali la kwanza lina mtego wake. Mzazi akisikia neno gharama, akili yake huenda moja kwa moja kwenye ada. Lakini katika vyuo vya umma vya Tanzania ada ya shahada ya uhandisi haitofautiani sana. Kwa miaka ya karibuni imekuwa ikicheza kati ya shilingi milioni moja na milioni moja na nusu kwa mwaka, chuo hiki kikikizidi kile kwa laki moja au mbili. Anayezunguka akitafuta chuo cha umma chenye ada nafuu anapoteza muda kwa tofauti ndogo. Fedha inakovujia ni kwingine: chumba, chakula, nauli, mafunzo ya vitendo, kompyuta, na zaidi ya vyote, mwaka wa kurudia.

Tumfikirie binti mmoja wa Kahama. Mama yake anauza nguo sokoni, baba ni fundi baiskeli. Amepata daraja la kwanza, amechaguliwa kusoma uhandisi Dar es Salaam, na Bodi ya Mikopo imempangia asilimia 70 ya ada. Nyumbani watu wamepiga vigelegele. Jioni wanakaa na daftari la mraba na kuanza kuandika. Ada ni 1,400,000, kwa hiyo asilimia 30 iliyobaki ni 420,000 kila mwaka. Bima ya afya ya mwanafunzi ni 50,400. Kuna 20,000 ya Tume ya Vyuo Vikuu, kuna usajili, kitambulisho na michango ya serikali ya wanafunzi. Wanakadiria 150,000 kwa vyote hivyo. Jumla 570,000 kwa mwaka, na kwa miaka minne ni 2,280,000. Kompyuta mpakato iliyotumika, yenye nguvu ya kubeba programu za kuchorea, wanaiwekea 700,000. Karibu milioni tatu sasa, na hapo hajala wala hajalala.

Chakula na malazi ndiyo fedha ambayo wanafunzi huiita boom. Tangu 2022 Bodi hutoa shilingi 10,000 kwa siku badala ya 8,500 ya zamani. Hulipwa kwa mafungu, na fungu la siku 60 ni 600,000. Kwa kijana ambaye hajawahi kushika laki moja, hizo ni fedha nyingi mno. Lakini akikosa nafasi hosteli, itabidi apange chumba mtaani, na wenye nyumba wengi wa Dar es Salaam hudai kodi ya miezi mitatu au sita kwa mkupuo. Tuseme ni chumba cha 80,000 kwa miezi sita. Hiyo ni 480,000, na boom yote ya kwanza imebaki 120,000 ya kula siku 60.

“Mwanangu, hii ya chumba mbona hukuniambia?”

“Mama, hata mimi nimeijua leo.”

Ndiyo maana swali la hosteli lina uzito kuliko swali la ada. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambacho wengi hukiita Mlimani, kilifungua hosteli za Magufuli mwaka 2017, majengo 20 yenye nafasi za wanafunzi 3,840, na mbali na hizo kuna za Mabibo na zile za zamani za Mlimani. Bado wanafunzi ni wengi kuliko vitanda. Hapo ndipo lilipozaliwa neno kubebana: mmoja amepata kitanda, mwenzake anajibanza naye usiku. Familia inayolinganisha vyuo viwili ingefaa ipige simu ofisi ya mshauri wa wanafunzi ya kila kimoja na kuuliza wanafunzi wa mwaka wa kwanza hupewa kipaumbele kiasi gani hosteli. Simu hiyo ya dakika tano inaweza kuokoa laki kadhaa.

Kisha kuna ule mwaka wa kurudia. Mkopo hupangwa kwa muda wa kawaida wa kozi. Kijana anayepata sup, yaani mtihani wa marudio, akaifuta Septemba ameumia kidogo. Anayerudia mwaka mzima, au mbaya zaidi anayedisco, yaani anayefukuzwa masomo, ameiangusha hesabu yote ya daftari. Uhandisi wa mwaka wa kwanza una hisabati nzito, mekanika na michoro, na hauna huruma hata kwa waliotoka shule za vipaji kama Ilboru, Kibaha, Mzumbe au Kilakala wakiwa vinara. Mwenye akili aliyezoea kuongoza darasa la watu 50 anajikuta katikati ya vinara watupu, hana mwalimu wa zamu wala kengele ya kwenda maandalio ya usiku. Mzazi amwambie kijana ukweli huu mapema. Chuo chenye madarasa madogo, au chenye ndugu karibu wa kumtazama, kina thamani ya fedha hata kama jina lake halivumi.

Swali la pili ni la mikono, na hapa vyuo vinaachana.

Mlimani ndiko uhandisi wa chuo kikuu ulikoanzia Tanzania. Kitivo cha Uhandisi kilifunguliwa mwaka 1973 kwa msaada wa Ujerumani Magharibi, na baadaye kikageuzwa kuwa Ndaki ya Uhandisi na Teknolojia, CoET kwa wanaoizoea. Upana wa kozi zake ndio nguvu yake: ujenzi, mitambo, umeme, kemikali na michakato, viwanda, nguo. Wapo maprofesa waliofundisha wahandisi wa vizazi viwili. Kijana anayependa kuuliza kwa nini kabla ya kuuliza vipi, anayejiona siku moja akifanya utafiti au akisoma shahada ya uzamili, atapumua vizuri huko.

Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam ina damu nyingine. Ilianza mwaka 1957 kama taasisi ya ufundi, ikawa Chuo cha Ufundi, na kwa sheria ya mwaka 1997 ikawa DIT. Kwa miaka mingi jina lake lilikwenda sambamba na FTC, cheti cha mafundi sanifu ambao wameendesha mitambo ya umeme, maji na reli ya nchi hii. Ipo katikati ya jiji, na kituo cha mwendokasi kilicho mlangoni kinaitwa DIT. Darasa la shahada hapo huchanganya waliotoka kidato cha sita na waliotoka stashahada. Mchanganyiko huo ni shule ya pekee. Aliyetoka PCM anatatua milinganyo kwa kasi, jirani yake aliyetoka stashahada alishafunga kabati la umeme la awamu tatu kwa mikono yake. Wakikaa meza moja, kila mmoja anapata asichokuwa nacho.

Mbeya nako kuna Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia, MUST, pale Iyunga. Kilifunguliwa mwaka 1986 kama chuo cha ufundi, mwaka 2005 kikawa taasisi, na mwaka 2012 chuo kikuu kamili. Mtoto wa Songwe, Rukwa, Njombe au Katavi anayekimbilia Dar es Salaam bila kukitazama MUST anaruka chuo kilicho karibu na nyumbani, katika mji ambao mpunga, ndizi na viazi vinalimwa jirani, na kodi ya chumba si ya Sinza wala Changanyikeni, mitaa ya Dar es Salaam. Nauli yake peke yake, kwa likizo za miaka minne, ni fedha ya kuhesabu.

Chuo cha Ufundi Arusha, kilichoanzishwa mwaka 1978, kimejichimbia kwenye umwagiliaji na nishati, na kina kituo cha umeme wa maji cha mafunzo Kikuletwa. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji pale Mabibo, cha mwaka 1975, ndiko kwa anayetaka magari au matengenezo ya ndege. Chuo Kikuu cha Ardhi kina uhandisi wa mazingira, Sokoine cha Morogoro kina uhandisi wa kilimo, Dodoma kina madini na mafuta upande mmoja na kompyuta na mawasiliano upande mwingine, na Chuo cha Maji kiko Ubungo. Vijana wengi wa daraja la kwanza hawavijui vyuo hivi kwa sababu shuleni hakuna anayevitaja. Mwenye ndoto ya kusambaza maji vijijini huenda akasoma Chuo cha Maji kwa raha kuliko Mlimani, na akitoka atakuwa na watu wa fani yake wanaomjua.

Njia ya kukijua chuo ni kwenda kukitazama, na mahali pa kutazama ni karakana. Ukumbi wa mihadhara haumwambii mzazi kitu. Aombe kuingia kwenye karakana ya mitambo katikati ya muhula, saa nne asubuhi. Chini ya leti, ile mashine ya kukereza vyuma, kuwe na mikunjo ya chuma iliyojipinda kama nywele, bado inang'aa. Kwenye jiliwa kuwe na kipande cha chuma kilichoachwa nusu, upande mmoja umepigwa tupa ukanyooka, mwingine bado. Ovaroli zitundikwe zikiwa na mafuta. Sakafu iliyopigwa deki, mashine zilizofunikwa turubai na kufuli mlangoni vinasema kwamba hapa watu wanasoma leti ubaoni.

Kwa anayetaka ujenzi, aende maabara ya zege. Huko atakuta vipande vya mchemraba, kila upande sentimita 15, vilivyoandikwa tarehe kwa rangi. Vingine vimezama kwenye tangi la maji vikikomaa. Zege hupimwa nguvu likiwa na siku saba, na tena likiwa na siku 28, kwa kuvunjwa kwenye mashine ya kubana. Mwanafunzi aliyechanganya saruji, mchanga na kokoto mwenyewe, akasubiri siku 28, akauweka mchemraba wake kwenye mashine na kusikia ukipasuka chini ya namba aliyoihesabu, hatasahau maishani mwake kwa nini fundi haruhusiwi kuongeza ndoo ya maji ili zege liwe laini. Mzazi amuulize mtumishi wa maabara, kwa heshima, vipande hivi vimetengenezwa na nani. Kama jibu ni wanafunzi, hapo ni mahali pazuri. Na aulize mashine moja inatumiwa na wanafunzi wangapi kwa kipindi kimoja. Wakiwa watano, kila mmoja atashika. Wakiwa 30, mmoja atashika na 29 watapiga picha kwa simu.

Mikono hiyo hiyo ndiyo itakayokwenda PT, yaani mafunzo ya vitendo kazini. Mlimani, kwa mfano, mwanafunzi wa uhandisi huenda PT wiki nane mwishoni mwa mwaka wa kwanza, wa pili na wa tatu, akiwa na kitabu chake cha kuandika kazi ya kila siku. Mkopo wa Bodi una fungu lake kwa ajili hiyo kwa wanaopangiwa. Miaka ya karibuni nchi imekuwa na kazi kubwa ambazo wahandisi wa nchi nyingine wangetamani kuziona kwa macho: bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115, reli ya kisasa ambayo mwaka 2024 ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma, daraja la Kigongo hadi Busisi juu ya Ziwa Victoria. Wiki nane kwenye kazi kama hizo hazinunuliki kwa ada yoyote. Lakini nafasi ni chache, na chuo chenye ofisi hai ya mafunzo ya vitendo, inayoandika barua mapema na kumfuatilia kijana kazini, kinamsaidia kuliko kile kinachomwambia ajitafutie. Hilo huulizwa kwa wanafunzi wa mwaka wa tatu, ambao ndio wamelionja.

Kuna jambo moja lisilo na mjadala, nalo litangulie kabla ya hosteli na karakana. Kazi ya uhandisi Tanzania husimamiwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ERB, kwa sheria ya mwaka 1997. Aliyemaliza shahada huanza kama mhandisi mhitimu, hupita kwenye mafunzo ya kazini chini ya wahandisi wenye uzoefu, ambayo chini ya mpango wa SEAP ulioanza mwaka 2003 huchukua miaka mitatu, ndipo asajiliwe kuwa mhandisi mtaalamu na kula kiapo. Shahada ambayo ERB haiitambui ni miaka minne iliyokwenda na maji. Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, hutoa mwongozo wa udahili kila mwaka unaoonyesha kozi zilizoidhinishwa na sifa za kuingia. Kozi isiyokuwemo humo isiombwe, hata kama bango lake lina picha ya mtu aliyevaa kofia ya njano. Kozi mpya yenye jina la kuvutia, hasa katika chuo binafsi au chuo cha nje, iulizwe ERB kwanza.

Msomaji wa Mombasa au Nairobi atazitambua habari hizi kwa majina mengine. Huko uhandisi husomwa miaka mitano, Bodi ya Wahandisi ya Kenya ndiyo hutambua kozi, nafasi za vyuo hupangwa na taasisi ya KUCCPS, na mfumo wa ufadhili ulioanza mwaka 2023 hupima uhitaji wa familia kisha hugawa gharama kati ya ruzuku, mkopo na mzazi. Mfumo huo umebishaniwa mpaka mahakamani. Mwaka wa tano ni gharama ya kuingizwa kwenye daftari tangu siku ya kwanza.

Turudi kwa binti wa Kahama, kwa sababu bado hatujasema fedha ya masomo hupatikanaje. Kwa kipanga wa sayansi mlango wa kwanza ni Samia Scholarship, ufadhili wa serikali ulioanza mwaka wa masomo 2022/2023 kwa waliofaulu kwa kiwango cha juu kabisa masomo ya sayansi na kudahiliwa kozi za sayansi, teknolojia, uhandisi, hisabati na tiba. Ni ufadhili kamili, haurudishwi. Ni wa wachache, na daraja la kwanza la kawaida halitoshi kuupata. Lakini pointi moja inaweza kumtenga aliyepata na aliyekosa, na kijana wa kidato cha tano anayesoma makala hii ajue kwamba bado ana muda.

Wengine wote mlango wao ni Bodi ya Mikopo. Hapa wengi huanguka kwa karatasi, na inauma kuona kijana wa familia maskini kweli kweli akikosa mkopo kwa sababu hiyo. Cheti cha kuzaliwa kinatakiwa kihakikiwe na RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, au na mamlaka ya Zanzibar kwa waliozaliwa visiwani. Aliyefiwa na mzazi anahitaji cheti cha kifo, nacho kihakikiwe. Kaya iliyo kwenye TASAF, mfuko wa kusaidia kaya maskini, iwe na namba yake. Fomu isainiwe na mdhamini, serikali ya mtaa na kamishna wa viapo. Jina kwenye cheti cha kuzaliwa lifanane na la kidato cha nne, kwa sababu namba ya mtihani wa kidato cha nne ndiyo inayomtambulisha mwombaji. Herufi moja iliyozidi kwenye jina la baba huweza kumrudisha kijana kwenye ofisi za serikali wiki mbili, wakati dirisha la maombi linakaribia kufungwa.

Mkopo ni deni. Aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi mpaka amalize. Mzigo huo ulikuwa mzito zaidi kabla ya mwaka 2021, serikali ilipofuta ile asilimia sita ya kulinda thamani iliyokuwa ikilifanya deni likue kila mwaka. Sasa anayekopa milioni kumi anarudisha kilichokopwa bila kuongezewa hiyo. Kwa masharti hayo, kijana mwenye uwezo wa darasani asiuogope mkopo wa Bodi. Kinachopaswa kuogopwa ni shamba au ng'ombe wa familia kuuzwa ili kulipia chuo cha gharama kubwa, ilhali nafasi ya chuo cha umma ilikuwepo.

Na ipo njia ndefu ambayo kwa familia nyingi ndiyo fupi. Kijana wa kidato cha nne aliyefaulu hisabati, fizikia na kemia anaweza kuingia stashahada ya uhandisi DIT, Arusha au Mbeya, akasoma miaka mitatu na kutoka fundi sanifu. Akipita kidato cha sita atatumia miaka sita kupata shahada, miwili na minne. Akipita stashahada ni saba. Mwaka mmoja umezidi, lakini baada ya mwaka wa tatu ana cheti cha kumpatia kazi, na akipata GPA ya 3.0 anaweza kuomba shahada akiwa na akiba yake mfukoni. Tangu mwaka wa masomo 2023/2024 Bodi ya Mikopo imeanza kukopesha hata wanafunzi wa stashahada katika fani za kipaumbele, jambo lililokuwa likilalamikiwa kwa miaka. Watu husema njia hii ni ya walioshindwa. Hilo ni kosa. Kwa mtoto ambaye tangu darasa la tano anafungua redio za watu na kuzirudisha zikiimba, miaka mitatu ya karakana ndiyo itakayomkuza.

Nje ya nchi, na katika vyuo vya kigeni vilivyofunguliwa hapa nyumbani, kuna fursa za kweli na ndoto za bei kubwa. Zanzibar, pale Bweleo, mwaka 2023 ilifunguliwa kampasi ya IIT Madras, ya kwanza ya taasisi hizo mashuhuri za India nje ya nchi yao. Ni sifa kwa Waswahili kwamba wamepewa wao. Lakini ada ya shahada ya kwanza ilitangazwa kuwa dola 12,000 za Marekani kwa mwaka, kwa hiyo bila ufadhili si ya mtoto wa fundi baiskeli. Ujerumani vyuo vingi vya umma havitozi ada, ila jimbo la Baden-Württemberg huwatoza wanafunzi kutoka nje ya Umoja wa Ulaya yuro 1,500 kwa muhula, na tangu 2024 mwombaji wa viza hutakiwa kuonyesha yuro 11,904 za kujikimu kwa mwaka wa kwanza. Marekani, MIT hudahili bila kuangalia uwezo wa mfuko wa mwombaji, hata mgeni, kisha huziba pengo lote la gharama. Ushindani wake ni wa dunia nzima. Kijana mwenye alama za kutisha ajaribu, huku jina lake likiwa tayari limekubaliwa Mlimani au Mbeya. Na kabla ya kupanda ndege apate hati ya TCU ya kutokuwa na pingamizi, maana akirudi ni TCU hiyo hiyo itakayotakiwa kuitambua shahada yake.

Yule binti, kabla ya hesabu zile, alikuwa na machaguo matatu kwenye simu. Tangu mfumo wa kuombea pamoja ulipoachwa na kila mwombaji kutakiwa kuomba chuoni moja kwa moja, mtu anaweza kukubaliwa vyuo viwili au vitatu. Hapo hutumiwa namba ya siri kwa ujumbe wa simu ili athibitishe kimoja. Dirisha la kuthibitisha ni fupi, na vijana wengi huthibitisha usiku ule ule kwa msisimko, wakifuata rafiki wa bwenini. Siku mbili za kupiga simu tatu, moja hosteli, moja ofisi ya PT, moja kwa mwanafunzi wa mwaka wa tatu, zingewatosha kuchagua kwa akili tulivu.

Mzazi mwenye kijana wa PCM anayesubiri mtihani, tafadhali usingoje Julai. Toa cheti chake cha kuzaliwa sandukuni leo. Kiweke kando ya cheti cha kidato cha nne, soma majina yote matatu herufi kwa herufi, na kama yanatofautiana, nenda RITA wiki hii.